Mguno Ulioshusha Bei

Ndugu zangu mnaolala chini ya paa, liwe lenu au la kupanga, sogeeni tuongee. Ninayotaka kuwasimulia hayakutokea mbali, na aliyeyafanya hakuwa jambazi wala mchawi. Alikuwa mtu wa salamu nzuri, anayekunywa chai na majirani zake asubuhi, tena kwa mkate wa mama yake mzazi.

Ulikuwa mtaa mfupi, wenye nyumba pande zote mbili na ukuta wa shule mwishoni. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, dirisha la nyumba ya pembeni lilifunguliwa na harufu ya mkate ikatoka ikaamsha hata wavivu. Wakaja watu mmoja mmoja: dereva wa basi la watalii, kinyozi, na Mwalimu, mama mjane wa nyumba ya mkabala, aliyefundisha shule ya binafsi hapo jirani na ambaye hakuweza kununua mkate bila kumsahihisha mtu matamshi. Walisimama pale dirishani wakapeana habari, wakataniana, kisha kila mmoja akashika njia ya kazini kwake.

Mwenye dirisha alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye wote walimwita Mama Mkate. Tanuri lake lilikuwa uani, limejengwa kwa matofali na kushikana na ukuta wa jikoni. Aliyelijenga ni marehemu mumewe, fundi mwashi, ambaye nyumba nzima aliisimamisha kwa mikono yake akiwa bado kijana. Mama Mkate alipenda kusema kwamba mumewe alimwachia vitu viwili tu duniani, tanuri na mtoto wa kiume, na kwamba tanuri halijawahi kumpandisha presha hata siku moja. Watu walicheka, na huyo mtoto naye alicheka, maana siku hizo utani ulikuwa bado ni utani.

Mtoto mwenyewe alikuwa jitu zima, lenye mke na watoto, wote wakiishi humo humo kwa mama. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha sahaulika. Mtaa na mji walimwita Mguno, na hakuchukia kuitwa hivyo, kwa sababu mguno ndio uliomlisha.

Nitawaeleza. Marehemu baba yake alimfundisha tangu mdogo namna ya kuujua ukuta. Unakunja kidole, unaugonga kwa kifundo, unatega sikio. Ukuta uliojengwa kwa haki hujibu kwa sauti nzito, iliyoshiba. Ukuta uliolipuliwa na fundi mwizi hulia kama debe. Mguno hakuutaka mwiko wa baba yake wala vumbi la saruji, lakini sikio alilichukua, na kwa sikio hilo hapakuwa na nyumba katika mji ule ambayo angeweza kuingia na asijue ukweli wake.

Sasa sikilizeni alivyolitumia. Akiletwa na mnunuzi kutazama nyumba, aliingia kimya, akatembea pole pole chumba hadi chumba, mikono nyuma. Mahali fulani alisimama, akagonga ukuta mara moja, akainamisha kichwa, halafu akaguna. “Mmh.” Basi, hakuongeza neno. Hakusema kuna ufa, hakusema kuna unyevu. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeanza kuhangaika: ooh, plasta tulipiga mwaka jana, ooh, mvua ikinyesha huwa haiingii sana. Kadiri alivyojieleza ndivyo bei ilivyoteremka, na Mguno amesimama tu, anatazama dari. Wanunuzi walimgombania. Na yeye moyoni alijiambia kwamba hajamdanganya mtu yeyote, kwa kuwa hajasema kitu.

Ndipo ugonjwa ulipoingia. Mnaukumbuka, sina haja ya kuutaja. Serikali ikatangaza kila mtu akae kwake. Shule zikatiwa kufuli, hoteli zikafungwa, mabasi yakaegeshwa hadi majani yakaota kwenye magurudumu. Saluni aliyofanyia kazi mke wa Mguno ikafungwa pia. Pale dirishani kwa Mama Mkate pakawekwa ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na watu wakawa wanasimama mbalimbali, barakoa usoni, wanaongea kwa macho. Kwanza walinunua mkate mzima kama kawaida. Baadaye wakaomba nusu. Baadaye wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, wanajifanya wana haraka, na Mama Mkate akawa anawaita kwa majina yao na kuwapa bila kuwadai, jambo lililomuudhi sana mwanawe.

Mshahara ukikatika, mtu huuza redio. Redio ikiisha, anauza kabati. Kabati likiisha, anainua macho kutazama kuta. Nyumba huwezi kuitafuna, na watoto wanataka kula leo. Basi mtaani pakaanza kunong’onwa habari za kuuza, na wa kununua hawakuonekana, maana wenye shida walikuwa wengi na wenye pesa walijificha.

Mmoja hakujificha. Alikuwa tajiri mmoja waliyemwita Bwana wa Malori. Malori yake yalibeba vyakula, na vyakula viliruhusiwa kupita kila kizuizi, kwa hiyo wenzake walipokauka yeye alizidi kunenepa. Alimwita Mguno ofisini kwake, akamkalisha mbali kidogo kwa ajili ya ugonjwa, akamwambia kwamba anataka nyumba katika mtaa ule, nyingi kadiri zitakavyopatikana, na kwamba ada ya dalali itakuwa nono kadiri bei itakavyokuwa ndogo. Mguno alitoka pale miguu haigusi chini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule dereva wa basi la watalii. Mguno aliingia na tajiri, wakatembea, akagonga. Ukuta ulijibu vizuri kabisa. Akaguna. Dereva, ambaye hakuwa ameshika usukani tangu tangazo litolewe, hakuwa na nguvu ya kubishana. Alijieleza kidogo, akanyamaza, akakubali bei ambayo mwaka mmoja nyuma angeifukuza kwa fimbo. Aliyefuata ni kinyozi. Huyu alikuja na bei yake kichwani, lakini Mguno alimuuliza kwa upole kama anajua dereva kauza kwa kiasi gani. Kinyozi alijua. Ikabidi aanzie pale dereva alipomalizia, na mguno ukamshusha tena chini zaidi. Baada ya hapo kila aliyetaka kuuza alianzia kwenye shimo la aliyemtangulia.

Mnaniona nimenuna? Nimenuna kweli. Najua bei za nyumba zilianguka kila mahali mwaka ule, na hilo halikuwa kosa la dalali. Shughuli zikifungwa, hata tajiri anashika mfuko wake kwa mikono miwili. Lakini kuna tofauti kati ya kumwona mtu anateleza na kumsukuma kwa bega.

Mama Mkate hakuwa mtu wa kusoma magazeti, ila aliona mikokoteni inavyohamisha vitanda vya majirani. Siku moja mchana, akiwa anakanda unga, alimuuliza mwanawe nyumba ya dereva ina kasoro gani hata ikaenda kwa bei ya kutupa.

“Haina kasoro, mama,” Mguno alisema. “Ni hali tu. Soko limeanguka.”

“Sasa wewe uliguna nini?”

Mguno alicheka, akasema mama hayajui mambo ya biashara, akachukua kofia yake akatoka. Lakini swali lile lilimkera kutwa nzima, na jioni alikula bila hamu.

Tatizo la Mguno, ndugu zangu, lilikuwa kwamba ada haikumshibisha tena. Aliona nyumba zikimiminika mikononi mwa Bwana wa Malori, naye anabaki na makombo. Akapiga hesabu zake kimya kimya: ugonjwa utaisha, shughuli zitafunguliwa, bei zitapanda, atakayekuwa na nyumba siku hiyo ndiye mtu. Akaamua kwamba nyumba itakayofuata ataichukua mwenyewe. Na nyumba iliyofuata, kwa bahati mbaya au kwa kutaka kwa shetani, ikawa ya Mwalimu.

Nyumba ya Mwalimu na nyumba ya Mama Mkate zilijengwa na mkono mmoja. Yule marehemu mwashi ndiye aliyezijenga zote mbili, na Mguno mwenyewe, akiwa mtoto, ndiye aliyechota maji ya kukorogea saruji. Katika sebule ya nyumba hiyo, baadaye, Mwalimu alimfundisha kusoma jioni bila malipo, wakati darasani alikuwa ameshashindikana. Shule ilipofungwa, Mwalimu alilipwa nusu mshahara, halafu robo, halafu akaambiwa asubiri. Alikuwa na wajukuu wawili waliobaki mikononi mwake. Alimwita Mguno kwa sababu alimwamini.

Mguno aliingia peke yake, bila tajiri. Mwalimu alimpa kiti, yeye akasema afadhali asimame. Akatembea, mikono nyuma, kama kawaida yake. Alipofika kwenye ukuta wa sebule alikunja kidole akagonga, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya baba yake, nzito, imeshiba, haina doa. Kwa muda alitaka kusema, “Mwalimu, usiuze nyumba hii kwa bei ya mtaa huu.” Maneno yalimfika hadi kooni. Halafu akawaza siku shughuli zitakapofunguliwa, akainamisha kichwa, akaguna.

Mwalimu alimtazama. Hakujieleza kama wengine. Aliuliza tu, “Ni mbaya kiasi hicho?” na Mguno akatazama dari.

Pesa za kununulia hakuwa nazo za kutosha. Penye upungufu alijua pa kupata: hati ya nyumba ya mama yake, iliyokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hapo ndipo alipomdanganya mama kwa maneno kamili, si kwa mguno. Alimwambia kwamba Mwalimu amekwama, kwamba Bwana wa Malori anaimezea mate nyumba yake, na kwamba yeye ameamua kuinunua ili aishike tu kwa muda, mpaka shule zifunguliwe na Mwalimu ajikwamue, kisha amrudishie kwa bei ile ile. Kinachotakiwa ni hati ikae benki kama dhamana.

Mama Mkate alilia kwa furaha. Alisema leo ndipo amemwona mumewe ndani ya mtoto. Akapiga magoti mwenyewe, na magoti yale yalikuwa yanamuuma, akavuta sanduku, akampa hati kwa mikono miwili. Mguno aliipokea akiwa anatazama sakafu.

Benki walimtuma mthamini, kijana mtaratibu mwenye kalamu sikioni. Alizunguka nyumba ya Mama Mkate, akatazama tanuri, akauliza nyumba za karibu ziliuzwa kwa kiasi gani, halafu akaandika thamani ndogo iliyomtoa Mguno jasho. Mguno alilalamika kwamba ukuta huu si wa kulinganishwa na zile nyumba nyingine. Mthamini alimjibu kwa adabu kwamba yeye huenda na bei za mtaa. Mguno alinung’unika, akatia sahihi mkopo uliompa pungufu ya alichotarajia, akaongezea akiba yake yote, akanunua. Onyo lilikuja hadi mlangoni, likabisha hodi, akalipita.

Siku ya Mwalimu kuhama, Mama Mkate alivuka barabara na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Mguno alikuwa mlangoni anapokea funguo. Mama alimkumbatia Mwalimu kwa mbali, kama tulivyofanya mwaka ule, akamwambia asiwe na huzuni, ni kwa muda tu, mwanangu anakushikia nyumba yako mpaka mambo yatengemae.

Mwalimu aliacha kufunga kamba ya godoro. “Ananishikia?” aliuliza. “Mama Mkate, mimi nimeuza. Tena kwa pesa za kula miezi michache tu. Hakuna aliyeniambia habari za kurudi.”

Mama Mkate alimgeukia mwanawe, na mwanawe akajishughulisha na funguo. Hakuna aliyepandisha sauti. Mama aliuweka mkate juu ya godoro, akavuka barabara, akaingia ndani, na dirisha likafungwa mapema siku hiyo. Kuanzia hapo alizungumza na Mguno kuhusu chumvi na maji na watoto, na si zaidi.

Mguno alijipa moyo kwamba mama ataelewa siku faida itakapoonekana. Alibandika tangazo kwenye mlango wa nyumba ya Mwalimu: inapangishwa. Hakuja mtu. Akaandika inauzwa. Wakaja watu wawili watatu kuchungulia, wakaondoka wanacheka bei. Marufuku ya shughuli, ambayo wote walidhani itakwisha baada ya wiki chache, iliongezwa, ikaongezwa tena. Ada za udalali zikakauka, kwa kuwa waliotaka kuuza walikwisha uza, na Bwana wa Malori alisema kwa sasa ameshiba. Unga ulipanda bei, na kuna asubuhi tanuri halikuwashwa. Benki walianza kupiga simu kwa sauti ya asali, baadaye kwa sauti ya kawaida, baadaye wakasema neno mnada.

Mkewe alimshauri aende kwa Bwana wa Malori aiache ile nyumba ya Mwalimu iende kwa bei yoyote, angalau ya mama ipone. Ulikuwa ushauri mzuri, ila ulichelewa. Tajiri aliichukua kwa bei ya chini kuliko ile Mguno aliyonunulia, benki ikazimeza pesa zote kwa riba na faini, na bado deni likabaki limekaa kitako. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa kimoja, na hati yake ilikuwa mikononi mwa benki. Mguno aliona heri auze mwenyewe kuliko nyumba ya baba yake ipigiwe nyundo mbele ya watu, na mama alipoambiwa akakubali kwa kichwa. Mnunuzi alikuwa yule yule, hakuna mwingine.

Bwana wa Malori alikuja asubuhi, peke yake. Mama Mkate alikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Mguno alimpokea tajiri barazani na kuanza kuongea hapo hapo. Alisema msingi ulichimbwa kwenda chini sana. Alisema mbao za paa zilikaushwa vizuri. Alisema plasta ya korido ilibanduka kidogo, lakini hiyo ni plasta tu, si ukuta. Aliongea bila kupumua, na katikati ya maneno alijisikia, akatambua kwamba sauti ile ilikuwa ya dereva, na ya kinyozi, na ya wote aliowasimamia wakijieleza huku yeye anatazama dari. Lakini hakuweza kunyamaza.

Tajiri alitembea pole pole, mikono nyuma. Alifika kwenye ukuta unaoshikana na tanuri, akasimama. Alikunja kidole, akagonga mara moja. Ukuta ukajibu kwa sauti nzito. Bwana wa Malori, ambaye hakujua sauti ya ukuta mzima wala ya ukuta mbovu, aliinamisha kichwa.

“Mmh,” akaguna.

Mguno aliuwekea ukuta kiganja. “Ukuta huu ni mzima, bwana,” alisema. “Nakuapia. Alijenga baba yangu.”

“Na wa Mwalimu alijenga nani?”

Tajiri hakusema kwa ubaya. Alikuwa mfanyabiashara, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Alisema wewe ndiye uliyenifundisha bei za mtaa huu, Mguno, moja baada ya nyingine, na mimi siku zote nimekuamini. Leo nitaaminije kwamba hii peke yake ni tofauti? Akataja bei. Ilikuwa ile ile ya mwisho, ambayo Mguno mwenyewe alikuwa ameikubali kwa nyumba ya Mwalimu. Wakapeana viwiko badala ya mikono, na biashara ikaisha.

Alipoondoka, Mguno aliingia jikoni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa tanuri, na tanuri lilikuwa baridi. Mguno aliangua kilio, mtu mzima mwenye mvi zake chache, akasema mama nisamehe, mimi sikujua kama mambo yatafika huku.

Mama Mkate alimwacha alie. Kisha akasema taratibu, “Baba yako alikufundisha kugonga ukuta ili uusikie ukweli. Kwa dereva uliusikia. Kwa Mwalimu uliusikia. Ungekuwa hujui, mwanangu, ningekusamehe leo hii hii. Kinachoniuma ni kwamba ulisikia.”

Asubuhi ya kuhama aliokota kuni zilizobaki, akaoka mara ya mwisho. Alifungua dirisha kama zamani. Majirani aliowazoea hawakuwapo, wametawanyika, kwa hiyo mikate mingi iliwaendea wapita njia waliodhani ni sadaka ya msiba, na hawakukosea sana. Tanuri halihamishiki. Miezi michache baadaye lilivunjwa ili malori mawili yapate pa kulala.

Na kufunguliwa kulikuja, kama inavyokuwa. Shule zikafunguka, mabasi yakanguruma, saluni ikamwita tena mke wa Mguno. Watu waliokuwa wameficha pesa wakazitoa, na kwa kuwa muda wote ule hakuna aliyejenga, nyumba zikawa chache na bei zikapaa hadi zikazidi za awali. Bwana wa Malori aliuza baadhi, akapangisha nyingine. Nyumba ya dereva ilinunuliwa na mtu wa mbali kwa bei ambayo dereva aliposikia alilala kitandani akageukia ukutani.

Mama Mkate alipanga chumba katika nyumba moja ndefu yenye milango mingi. Chumba cha jirani alikaa Mwalimu na wajukuu zake. Mwalimu ndiye aliyemtafutia nafasi aliposikia yamemkuta. Ukuta kati yao ulikuwa wa kulipua, mwembamba, unaolia kama debe. Kila asubuhi Mwalimu aligonga mara moja, Mama Mkate akajibu mara moja, maana yake maji ya chai yamechemka. Wakaketi mlangoni wakanywa kwa mkate wa dukani, na Mwalimu akawa anasema mkate huu hauna matamshi. Mama Mkate alicheka hadi machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Mguno, mkewe na wanawe walipanga kwingine. Alikuja kumsalimia mama kila Jumapili. Kwa Mwalimu aliomba radhi akiwa amesimama, kofia mkononi, na Mwalimu alimwambia amesamehe, akaenda ndani kuangalia sufuria. Kazi ya udalali ilimshinda. Hakuweza tena kuguna, na dalali asiyeguna wanunuzi hawakuwa na haja naye. Wauzaji nao hawakumwamini hata aliposifu nyumba iliyostahili sifa. Akashika beleshi, akawa anakorogea mafundi saruji, kazi aliyoikimbia utotoni.

Jumapili moja alimkuta mama yake amekaa mlangoni peke yake, anachambua mchele. Alichuchumaa kando yake. Alisema amejiwekea pesa kidogo, kwamba kuna kiwanja mbali kidogo na mji, kwamba atamjengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na tanuri uani, vile vile kama alivyolijenga baba. Alisema kwa moyo wake wote. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema hivyo.

Mama Mkate aliacha kuchambua. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetega sikio. Alikuwa anampenda, hilo halikuwa na shaka. Na alitaka kumwamini, hilo lilionekana machoni. Kisha akainamisha kichwa juu ya sinia.

“Mmh,” akaguna.

Mguno alingoja neno la pili, na halikuja.

Funzo

Ndugu zangu, shida ikifunga shughuli za watu, bei za nyumba zitaanguka, na hapo hatuna la kumlaumu jirani. Lakini anayeitumia shida ya mwenzake kumshusha zaidi ya ilivyomshusha dunia, huyo anavunja na lake paa, maana nyumba yake iko mtaa huo huo na itauzwa kwa bei hiyo hiyo. Kama umelazimika kuuza wakati wa hofu, usimsikilize mtu mmoja. Uliza wengi, keti na majirani zako, na ukiweza kungoja, ngoja hata kwa kubana tumbo. Nyumba ya mzazi usiipeleke benki kwa ajili ya ndoto yako, na ukimwomba hati mwambie kweli inakwenda kufanya nini. Na wewe unayejua ukweli kwa sababu ya kazi yako, useme kwa mdomo. Usikohoe, usigune, usitazame dari. Majirani watapata nyumba nyingine siku moja, Mungu akipenda. Lakini mama akikwisha kukugunia, sijui utakwenda kununua wapi imani yake.